Nani Amfundishe Msanifu wa Vyombo?

Mbuzi ya nazi ni chombo kilichomo katika kila nyumba ya pwani, wala hapana mtu ajuaye ni nani aliyekibuni. Vibao viwili vinapishana kama miguu ya marufaa ya kusomea msahafu. Kimoja kinatokeza shingo mbele, na juu ya shingo hiyo hukazwa ulimi wa chuma wenye meno, na chini ya ulimi hutegwa sinia. Anayeketi juu yake ndiye anayeizuia isitikisike, kwa kuwa uzito wa mwili wake mwenyewe ndio nanga ya chombo, na kwa hivyo mikono yake yote miwili hubaki huru kuizungusha nusu ya nazi juu ya meno. Kazi ikisha, vibao hukunjwa, na chombo kikatundikwa kwenye msumari wa jikoni. Kimo cha kiti, urefu wa ulimi, mwinamo wa shingo, yote hayo yamekwisha kupimwa na magoti ya bibi zetu kwa miaka isiyohesabika, na seremala anayechonga mpya leo huvifuata vipimo hivyo bila ya kuviandika popote.

Elimu ya kusanifu bidhaa za viwandani, ambayo kijana wetu aweza kuisoma kwa shahada ya kwanza katika baadhi ya vyuo vikuu vya umma vya Afrika ya Mashariki, hukusudia kuyatenda kwa fikira, katika muda wa miezi, yale ambayo mbuzi ya nazi iliyapata kwa karne za kujaribiwa. Seremala akikosea kiti kimoja hukisahihisha kinachofuata, na mnunuzi wake, ambaye ni jirani yake, humrudia mlangoni kumlaumu. Amma kiwanda, kikisha kutengeneza kalibu yake ya chuma, kosa lililomo katika kalibu hiyo hutoka pamoja na kila ndoo, kila kiti cha plastiki na kila kipini cha sufuria, mara elfu kumi na mara laki moja, na mnunuzi aliyeko Kigoma au Garissa hana mlango wa kwenda kuubisha. Ndiyo maana yampasa awepo mtu ambaye kazi yake, kabla ya mashine kuwashwa, ni kuuliza kitu hiki kitashikwa na mkono wa nani, kitaoshwa wapi, kitauzwa kwa bei gani, na siku kitakapovunjika kitatengenezwa na fundi yupi kwa vifaa gani. Mhandisi ana haki ya kuridhika pampu inapovuta maji. Msanifu hana haki hiyo mpaka amwone mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiusukuma mpini wa pampu ile bila ya kuumia.

Swali la nani afundishwe kuuliza hivyo, na nani amfundishe, lina historia yake katika nchi zetu. Makerere, masomo ya sanaa aliyoyaanzisha mwalimu Margaret Trowell mwaka 1937 yalikua yakawa skuli kamili, na skuli hiyo hata leo, ikiitwa kwa jina lake, hubeba katika anwani yake maneno mawili yaliyowekwa bega kwa bega, viwanda na sanaa, na aliyepata kukaa na wanafunzi wa fani hii atajua kwamba baina ya maneno hayo mawili mna mvutano usiokwisha. Nairobi, chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 kilipokwisha kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walifika katikati ya miaka ya sitini walimu wawili, Selby Mvusi, msanii wa Afrika ya Kusini aliyekwisha kufundisha Kumasi, Ghana, na mwenziwe Derek Morgan, wakaanzisha somo la msingi la usanifu. Mvusi alishikilia kwamba Mwafrika wa zama za viwanda asidaiwe kubaki katika sanaa ya kale ili ahesabiwe kuwa Mwafrika. Kwake yeye, kijana wa Nairobi alikuwa mtu wa zama hizi hizi za mashine na umeme, mwenye haki ya kuamua vyombo vya zama hizo viweje, ghairi ya kupewa brashi ili avinakshi vyombo vilivyokwisha kuamuliwa na wengine. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1967, na kazi ikapita katika mikono mingine. Miongoni mwa waliofundisha usanifu Nairobi alikuwamo Gregory Maloba, mchongaji aliyetoka Makerere, ambaye sanamu yake ya Uhuru ya mwaka 1962 ingali imesimama Kampala.

Lakini mvutano wenyewe haukutatuliwa na mtu yeyote, kwa sababu chanzo chake hakimo chuoni. Katika nchi ambako fani hii ilizaliwa, mhitimu alikuwa na kiwanda cha kumngoja: kiwanda cha vyerehani, cha redio, cha magari. Kwetu sisi viwanda vilikuwa vichache, na vingi katika hivyo vichache vilipokea michoro yake kutoka ng'ambo, ikiwa tayari, pamoja na mashine. Basi dola inapolipa gharama za kumsomesha msanifu wa bidhaa, inamsomesha kwa ajili ya nani?

India, ambayo ilijiuliza swali hili mapema kuliko sisi, ilipata jibu lenye faida kwetu pia. Mwaka 1958 serikali yake iliwaita wasanifu wawili Wamarekani, Charles na Ray Eames, waeleze ni elimu gani ya usanifu iifaayo nchi ile, nao katika ripoti yao walikisifu, kuliko vyombo vyote walivyoviona, chombo cha shaba cha kuchotea maji kiitwacho lota. Wakaorodhesha mambo ambayo mtu angelazimika kuyafikiri lau angetaka kukibuni upya: maji kiasi gani, mikono ya nani, hubebwa kichwani au kiunoni, huwa kizito upande gani kikiwa kitupu na upande gani kikijaa, hutoa sauti gani kikitua juu ya jiwe, na mwisho wa umri wake shaba yake itafaa nini. Chuo cha taifa cha usanifu kilichofunguliwa Ahmedabad mwaka 1961 kilitokana na mawazo hayo, na mji huo huo ndio uliokutanisha mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mwezi wa Januari 1979, ambao azimio lake lilitaka usanifu utumikie haja za watu wa nchi zinazoendelea badala ya kuwa pambo la masoko. Asomaye orodha ile ya maswali ya lota, akaiweka kando ya mbuzi ya nazi, ataona kwamba mtaala wa mwaka wa kwanza umekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni kuwapa vijana chombo na muda wa kukitazama.

Amma kiwanda, hakika kipo, ila hakina paa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulipoichunguza Kenya uliwakuta maelfu ya mafundi wanaofua, wanaokata na kuunga vyuma nje ya hesabu za serikali, watu ambao lugha yetu imekwisha kuwapa jina lao, jua kali, na ukasema wazi kwamba watu hao ni nguvu ya uchumi, si mzigo. Jiko la makaa linalopikiwa leo katika miji yetu limetoka mikononi mwao, na historia ya jiko hilo ndiyo somo bora la usanifu nilijualo katika Afrika ya Mashariki, nami nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, ukuta mmoja, na moto wake mwingi uliipasha hewa ya nje na miguu ya mpishi kabla ya kuipasha sufuria. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya uliofanyika Nairobi mwezi wa Agosti 1981, jitihada za kulitengeneza upya zilipata nguvu, na waliozishika walianza na jiko la Thailand, lenye umbo la ndoo na udongo ndani yake. Majaribio ya kwanza yaliwafundisha mengi kwa njia ya hasara, kwa maana udongo na chuma havitanuki sawasawa, na udongo uliojazwa pande zote hupasuka, na jiko zima huwa zito hata lisihamishike kutoka uani kwenda barazani. Suluhu ilikuja katika umbo: bati likakunjwa liwe na kiuno, kama pia mbili zilizokutanishwa ncha kwa ncha, na udongo wa kuchoma, uliotobolewa matundu ya kupitishia majivu, ukawekwa katika nusu ya juu peke yake, ukashikwa na kiuno kile, ukagandishwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vamikulaiti. Nusu ya chini ikabaki kuwa chumba cha majivu, na mlango wake mdogo, kwa kufunguliwa na kufungwa, ndio unaoamua moto uwe mkali au mpole. Makaa yaliyookolewa yalifika baina ya asilimia 20 na 50, kufuatana na aliyepima na jinsi mpishi alivyopika.

Ukenda Shauri Moyo, Nairobi, utayaona majiko hayo yanavyozaliwa. Fundi ameketi chini, mbele yake kipande cha reli kilichogeuzwa kuwa fuawe, kando yake mabati ya mapipa makuukuu yaliyokwisha kunyooshwa. Ana kiolezo cha bati, kimepauka kwa kushikwa, anakilaza juu ya bati jipya, anapita pembeni kwa ncha ya msumari, kisha anakata. Yeye hafinyangi udongo. Udongo unamfikia kutoka kwa mfinyanzi ambaye huenda hajapata kumwona, na vitu hivi viwili vinapokutana sharti viingiane. Hapo ndipo ilipo hikima ya kazi yote: waliosanifu jiko lile walisanifu kipimo, yaani ule mduara wa kiuno na ule wa udongo, ili mhunzi wa hapa na mfinyanzi wa kule, wasiofahamiana, waweze kushirikiana kama idara mbili za kiwanda kimoja. Na pale kipimo kilipopuuzwa, au udongo usipochomwa sawasawa, majiko yalipasuka mapema na wanunuzi wakalalamika, jambo linalothibitisha kwamba kipimo ndicho kilichokuwa usanifu wenyewe. Jiko hilo limeenea kwa mamilioni, limevuka mipaka hata Uganda, Tanzania na Ethiopia, na lau lingengoja kiwanda chenye paa lisingalitoka kabisa.

Sasa mtazame kijana aliyeingia chuo cha umma kusoma fani hii. Miaka yake ni minne. Mwaka wa kwanza ni wa msingi, ambamo hufundishwa kuchora kwa mkono huru, rangi, umbo, na historia ya sanaa pamoja na wenziwe watakaokwenda kwenye nguo, michoro ya matangazo na mapambo ya ndani ya nyumba. Kisha hujichagulia njia ya bidhaa, akasoma vipimo vya mwili wa binadamu, malighafi, njia za kutengeneza, kuchora kwa kompyuta, na masoko. Kiini cha masomo haya, hata hivyo, hakimo katika mihadhara. Kimo katika kile kikao ambacho wanafunzi hutundika kazi zao ukutani, kila mmoja akasimama mbele ya yake, na mwalimu na wenzake wakaihoji hadharani: kwa nini kipini kiwe hapa, nani atakifikia, kitaunganishwaje. Kijana aliyelelewa kwa mitihani ya kuchagua herufi A au B huvitetemekea vikao hivi mwanzoni, maana hapa hapana jibu lililofichwa na mwalimu. Kuna jibu alilolileta yeye, na sharti alitetee au alivunje. Mwenye kupita vikao hamsini vya namna hiyo huwa amepata kitu ambacho fani nyingine nyingi za chuo hazimpi mtu, nacho ni uwezo wa kuitazama kazi ya mikono yake mwenyewe bila ya kuipenda kupita kiasi.

Vikao hivyo vyahitaji karakana, na karakana ndiyo inayoangamia kwanza bajeti inapopungua. Ukumbi wa mihadhara uliojengewa watu mia moja hupokea mia tatu kwa kubanana. Jiriwa moja na keekee moja hazipokei wanafunzi kumi kwa saa moja, hata wakibanana vipi. Chuo kinachohesabu gharama kwa kila kichwa huona mwanafunzi wa usanifu ni ghali, hupunguza vifaa, na mwanafunzi naye, akiwa hana mbao wala resini, hukimbilia kompyuta, ambako kiti husimama bila ya miguu kutikisika na plastiki hupindwa bila ya kuvunjika. Siikashifu kompyuta, hapana msanifu wa leo anayeweza kuishi bila yake. Lakini mtu ambaye hajapata kuipiga mbao randa kinyume cha nyuzi zake, akauona uso wake ukichanika, hawezi kuijua mbao kwa kutazama picha yake.

Tena kuna kanuni ya ajira. Chuo kikuu humpima mwalimu kwa shahada zake za juu na makala alizozichapisha, na kwa kipimo hicho fundi wa Kamukunji, Nairobi, mwenye miaka thelathini ya kukunja bati huwa hana mahali pa kuketi, ila pengine kwenye benchi la msaidizi wa karakana. Hapa nadhani tumeiga sura ya chuo cha Ulaya tukaiacha roho yake. Bauhaus ya Ujerumani, skuli ya serikali iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 na mwanzilishi wake, Walter Gropius, ambaye fani yote hii humtaja kwa ajili yake, iliiweka kila karakana chini ya mabwana wawili: msanii aliyefundisha umbo, na fundi stadi aliyefundisha kazi. Hawakuwa sawa kwa heshima, na jambo hilo liliwakera mafundi. Hata hivyo mwanafunzi alikuwa na masikio mawili ya kusikilizia. Skuli ile nayo ilijua uchungu wa bajeti, kwani serikali ya jimbo ilipoikata fedha zake ililazimika kuondoka Weimar kwenda Dessau mwaka 1925, na ile ya Ulm iliyoifuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilifungwa mwaka 1968 kwa ugomvi wa fedha na dola vilevile. Lakini katika umri wake mfupi Bauhaus ilikuwa imekwisha kuonyesha namna ya kumfundisha msanifu, na namna hiyo haikuhitaji mashine za thamani kubwa kama ilivyohitaji watu wawili katika chumba kimoja. Rai yangu ni kwamba chuo cha umma cha Afrika ya Mashariki kinaweza kufanya hivyo kesho, kwa kumwajiri mhunzi, mfinyanzi na seremala kama walimu wenye cheo na mshahara, na kwa kuwahesabia ustadi wao kama kinavyohesabu shahada.

Mlango wa kuingilia nao una dosari zake. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, masomo ya kazi za mikono yaliingia kwa kishindo, kisha yakapunguzwa, hata watahiniwa wengi wakamaliza sekondari bila ya kupata kushika tupa. Hupangiwa chuoni kwa alama za hisabati na lugha, na mzazi, anaposikia neno usanifu, hudhani mwanawe amekwenda kujifunza kuchora picha. Wengine huomba ahamishwe kwenye sheria au uhandisi. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, wenye njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, huenda ukaleta vijana walioichagua fani hii kwa kuijua, ingawa mimi naona mahali pake pangekuwa baina ya sanaa na sayansi, wala si upande mmoja.

Kuna jambo la sheria ambalo wanafunzi hulijua kwa kuchelewa. Kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, umbo jipya la bidhaa laweza kusajiliwa kwa miaka 5, na usajili huo ukarefushwa mara mbili, jumla miaka 15. Lakini sharti umbo liwe jipya, na kijana anayeianika kazi yake hadharani kabla ya kulijua sharti hilo huweza kujinyima haki yake. Somo la siku mbili lingemtosha. Hata hivyo, msanifu anayeifanyia kazi jua kali hana budi kukubali kwamba kitu chema kitaigwa kabla ya wiki kwisha, na kwamba riziki yake, kama walivyoonyesha wale waliokiweka kipimo cha jiko, haitatoka katika kulizuia umbo lisiigwe. Itatoka katika kuwa yeye ndiye anayejua liingianeje, lipimweje, na kalibu yake itoke wapi. Wahitimu wengi nionao huishia katika matangazo, mapambo ya maduka na michoro ya simu, nao hupata riziki ya halali. Lakini dola haikugharimia karakana ili ipate wachora matangazo.

Mwisho wa mwaka wa nne hufanywa maonyesho. Ukumbi hupigwa deki, meza hufunikwa vitambaa vyeupe, na vielelezo husimama juu yake viking'aa kwa rangi ya kupuliza: jiko, kiti cha kliniki, toroli ya kuuzia matunda, na mbele ya kila kimoja kikaratasi kisemacho kisiguswe. Vimetengenezwa kwa kadibodi na povu gumu, na mwezi unaofuata hutupwa, maana chumba kinatakiwa na wengine. Natamani mradi huo uanzwe mwaka wa pili, na mwanafunzi alazimishwe kuikabidhi toroli yake ya kwanza, mbovu, kwa mtu auzaye matunda kweli, aiache huko masika na vuli, na kila juma aende na daftari akaandike alichoambiwa. Na siku ya maonyesho ailete toroli ya tatu au ya nne, gurudumu moja limekwisha kubadilishwa na fundi wa baiskeli wa mtaani, mpini umepauka pale viganja vinaposhika, na yule muuza matunda mwenyewe asimame kando yake awajibu watahini.